Chembe Zilizojua Njia

Machi 3

Shikamoo kaka,
Homa imepungua huko wodini? Sisi wazima, ila usingizi nimeusahau. Mwanangu bado ananing'ang'ania ziwa. Jina la Gundi ulilompa limemkaa. Nimeamua: namwachisha, nije nikutolee chembe za uboho. Usiniambie nimechoka. Kuchoka nimezoea, kukuzika sijazoea.
Mdogo wako

Machi 9

Marahaba, mbishi wangu,
Homa imeshuka. Njoo. Wataua uboho wangu wote kwa dawa, saratani hii ya damu ife nao. Zako zisipoota, basi. Ila mimi fundi bomba nina swali: watazifikishaje ndani ya mfupa?
Kaka yako

Machi 20

Shikamoo kaka,
Pole na dawa. Naandika mkono una ganzi ya mashine ya kuchuja chembe. Jana zilitoka chache mno. Nesi akasema, "Mama, chembe zako hazitaki kutoka kwao." Nikamwambia ninaye mwingine wa hivyo nyumbani. Akanieleza: kila chembe ina kipokezi, kama pua. Mfupa unatoa harufu, chembe inainusa, inaganda hapo. Hata zile mbaya zako hujificha mfupani kwa pua hiyohiyo. Basi nikachomwa sindano ya kuziba pua. Leo mfuko umejaa. Dawa ikiisha nguvu, pua zinazibuka.
Mdogo wako

Machi 22

Marahaba mdogo wangu,
Mkono umepona? Nilisubiri watoboe mfupa. Wametundika mfuko tu, zikaingia mshipani. Nikamuuliza daktari nani anazionyesha njia. "Hakuna. Zinanusa." Miaka kumi na nane nafunga mabomba, sijaona maji yanayojua tanki lake. Nimelala kimya nisizisumbue.
Kaka yako

Aprili 2

Kaka,
Shikamoo. Siku kumi na moja hujaandika. Nikipiga simu wodini, naambiwa bado hakuna chembe nyeupe za damu hata moja. Gundi ameacha ziwa. Sasa analala ameshika kidole changu. Nami nawaza zangu ziko wapi humo ndani yako. Niandikie, hata mstari mmoja. Sikuombi, nakuagiza.
Mdogo wako

Aprili 9

Mdogo wangu,
Marahaba. Vidonda vya mdomo na homa vilininyang'anya kalamu. Chembe nyeupe juzi sifuri, jana mia mbili, leo mia sita. Daktari aliisoma karatasi mara mbili, akakaa kitandani kwangu. Alipoondoka nikagonga mfupa wa kifua kwa kidole, taratibu, nikabisha hodi. Nilijua nani yuko ndani.
Kaka yako