Gari Lililotawanywa Milimani

Goma, Himbi, 4 Septemba 2022

Papa yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mtoto, pamoja na za baba watoto na wajukuu wako. Goti linaendeleaje? Mvua imeshaanza Mushaki? Huku tunakohoa vumbi la volkano, lakini tunakula na tunalala.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema mtandao mbaya, halafu unakata. Karatasi huwezi kuikata, Papa. Kila siku naona watu wa upande wa Rutshuru wakikimbia vita, wakiingia mjini na magodoro kichwani. Shuka uje kwangu, chumba kipo. Siku Mama Émilienne alipotuacha, alichukua mkono wako akauweka ndani ya mkono wangu, akasema, "Kétsia, kamata." Nimekamata, lakini unateleza kama sabuni.

Jibu lako nalijua: huwezi kuondoka Mushaki wakati gari lako bado limelala kwa watu. Basi nimepata dawa ya jibu hilo. Unajua ninauza mitumba kwenye mtandao. Kumbe kuna watu duniani wanaotafuta vipande vya Peugeot 404 kama wanaotafuta ndugu waliopotea! Niliweka ile picha ya zamani ya 404 yako, Mama ameketi mbele na kitambaa cha safari kichwani, nikaandika kwamba vipande vipo. Mzee mmoja wa Ubelgiji amejibu. Anafufua gari la marehemu baba yake, na kila nitakachopata anakitaka.

Kusanya vilivyobaki, mpe Hakorimana, yule motari anayeleta jibini Goma kwa pikipiki yake. Kipande cha mwisho kikiuzwa, hutakuwa na sababu tena ya kukaa huko. Tupatane hivyo, sawa?

Binti yako,
Kétsia


Mushaki, 15 Septemba 2022

Mwanangu Kétsia,

Amani ikukute wewe na nyumba yako. Wajukuu wape asali kwa kikohozi. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio, kwa hiyo siku hizi ninaheshimiwa sana. Barua yako ilifika ikinuka jibini, nikaisoma mpaka nikasikia njaa.

Nimekubali. Kaa chini kwanza, usianguke. Gari likiisha, nitashuka.

Lakini ulikuwa mdogo sana wakati wa vita ya kwanza, labda hujui jinsi lilivyotawanyika. Wenye bunduki walikuwa wanachukua chochote chenye magurudumu. Wenzangu walificha magari mazima msituni, yakachukuliwa mazima. Mimi na fundi Byamungu tulilifungua lile letu kipande kwa kipande, nikapeleka kila kipande kwa mtu wangu: kwa mfugaji, kwa mkulima, kwa Muhunde, kwa Munyarwanda; mimi mfanyabiashara niliyetoka Butembo, sikuchagua. Baadaye tukaambiwa kwamba watu hao ni maadui. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha gari moja, na hakuna aliyekiuza. Nikilifikiria jambo hilo nafurahi mpaka nacheka peke yangu.

Bodi ilioza, injini ikaishia kusaga mihogo. Kilichobaki ni taa, uso wa mbele, ule wavu wa chuma, na usukani.

Ila kuna jambo. Huku kwetu kitu ulichokiweka mkononi mwa mtu kinarudi katika mkono wako wewe, si wa mjumbe. Nilimtuma Hakorimana kuchukua taa kwa Mama Mukandayisenga, akafukuzwa: "Hii taa Théophile alinipatia na mukono yake. Mukono yake njo itaikamata. Weye uko nani?" Ikabidi niende mwenyewe. Nilikaa, nikanywa maziwa, nikasikiliza habari za kila ng'ombe aliyekufa tangu wakati ule. Ndipo akazileta. Binti zake wote walijitazama ndani ya taa hizo siku za ndoa zao, kwa sababu kioo hakikuwepo. Nilipozibeba kurudi nyumbani ukungu ulikuwa umeshuka, na nilijisikia kama ninasindikiza maharusi.

Zinakuja. Nimezitengeneza vizuri, utafurahi mwenyewe.

Papa yako,
Théophile


Goma, 2 Oktoba 2022

Papa yangu,

Salamu nyingi, na hasira kidogo. Tuko wazima. Nawe?

Umezipaka rangi! Bluu ya mlango wa kanisa! Hata vioo vyake, Papa? Mzee wa Ubelgiji aliona picha akaniandikia barua ya msiba. Watu hawa wanapenda kutu. Wanataka kitu kama kilivyoachwa na miaka, na mikwaruzo yake yote. Baba watoto amesugua kwa petroli mpaka mikono imechubuka, na yule mzee, kwa huruma, amezichukua.

Uso wa gari ulete ulivyo. Usipake, usioshe, usipulize hata vumbi.

Na ufanye haraka, tafadhali. Huku wanasema vita vitazunguka kuja upande wa Masisi. Sijui wanaosema wanajua nini, lakini mimi naogopa.

Binti yako,
Kétsia


Mushaki, 20 Novemba 2022

Mwanangu,

Natumaini hasira imepoa. Mimi mzima, na maharagwe yamezaa vizuri mwaka huu.

Huku mgeni akija kuangalia nyumba, unaipaka chokaa kwanza. Ningejuaje kwamba kuna mtu anayenunua kutu? Mwambie ninayo ya kumtosha yeye na wajukuu zake.

Uso wa gari ulikuwa Kingi, kwa Mama Élisabeth. Aliuweka kwenye ukuta wa jiko, ukawa dirisha lake. Moshi wa miaka yote hiyo umepitia pale, kwa hiyo ni mweusi kama sufuria, na sikuugusa kwa kitambaa. Tulipoutoa, kilima kizima kikaonekana kupitia tundu, na ng'ombe wadogo kwa mbali. Tukasimama kukitazama. Kisha akaniuliza, "Sasa moshi itapitia wapi, Papa Théophile?" Nilirudi kesho yake na vipande vya mbao, nikamtengenezea dirisha jingine.

Nimeota ndoto, mwanangu. Vipande vilikuwa vinarudi nyumbani vyenyewe, vikipita katikati ya mashamba ya maharagwe, taa mbele, usukani nyuma, taratibu, bila kukanyaga mmea hata mmoja. Mama yako alikuwa katikati ya vipande hivyo. Kiti hakikuwepo, lakini alikuwa ameketi. Akanipungia mkono kama mtu anayesema ngoja kidogo, tunakuja. Niliamka nikiwa na furaha, nikaenda kumwambia pale alipolala, chini ya mikaratusi.

Usifikiri ninachelewesha kwa makusudi. Ila kila kipande kinanirudisha katika nyumba ambayo sikuwa nimeingia kwa miaka mingi. Mwanangu, hii biashara yako ni tamu.

Papa yako,
Théophile


Goma, 9 Januari 2023

Papa yangu,

Heri ya mwaka mpya. Nakuombea afya, na mimi niombee uvumilivu, maana wangu umekwisha.

Uso wa gari umefika Ubelgiji. Yule mzee anasema unanuka moshi wa kuni na hataki kuusafisha kamwe. Umeshinda, furahi.

Sasa bado usukani. Nimeshamuuzia. Mpe Hakorimana wiki hii, halafu ufunge mlango, upande naye pikipiki moja. Watu wa Kitshanga wameanza kukimbia, Papa. Chumba chako nimekipaka chokaa mwenyewe, dirisha linatazama upande wa Sake. Watoto wanaulizana nani atalala karibu na Babu.

Nakungojea wewe, si barua.

Kétsia wako


Mushaki, 21 Januari 2023

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimevaa viatu tayari.

Umeuza kabla ya kuuliza kitu kiko wapi. Usukani nilimpa fundi Byamungu, naye alirudi kwao Walikale zamani, akaenda nao. Kwa hiyo naenda Walikale. Nitapanda pikipiki mpaka Masisi-centre, nipite Nyabiondo, halafu msitu, kwa miguu au kwa lolote litakalopatikana.

Najua utapiga kelele. Lakini umempa mtu ahadi, na kitu kiko katika mkono ambao hautakitoa kwa mwingine. Ulinituma, nimetumika.

Nimefyeka nyasi pale kwa Mama yako. Nimemwambia naondoka kidogo na nitarudi.

Papa yako,
Théophile


Goma, 27 Februari 2023
Kwa Papa Théophile, kwa fundi Byamungu, Walikale

Papa,

Kama uko hai, nakusalimu. Sijui niulize nini kuhusu afya yako, niambie tu kwamba unapumua.

Nilikuandikia mara tu nilipopata barua yako. Nilikuandikia usiende, usukani upotelee mbali. Hakorimana akanirudishia barua yangu. Alikuta kufuli mlangoni. Nililia na barua ile mkononi, nikijua kwamba nilitaka kukutoa kwenye hatari nikakusukuma msituni kwa tangazo langu.

Halafu vita vikafika Mushaki. Mama Mukandayisenga ametufikia na binti zake kwa miguu, bila ng'ombe hata mmoja. Walipita Mubambiro pamoja na umati, sasa wanalala katika chumba chako. Anasema nyumba yako haina paa tena. Anasema kama ungekuwa ndani, basi. Kisha akaniomba maji ya kuosha miguu.

Kwa hiyo sijui nimlaani Byamungu au nimbariki.

Barua hii namkabidhi Mama Dorothée. Ni mfanyabiashara wa Butembo kama wewe, anapeleka mafuta na sabuni Walikale kwa zile ndege ndogo. Nijibu kupitia yeye. Neno moja linatosha.

Binti yako,
Kétsia


Walikale, 11 Machi 2023

Kétsia, mwanangu, moyo wangu,

Ninapumua. Hata kula ninakula, samaki wa mto na ndizi, na goti limezoea msitu. Habari za Mushaki zilinifikia kabla ya barua yako. Mpe pole Mama Mukandayisenga, umwambie chumba ni chake. Mwambie pia kwamba nalilia ng'ombe wake, maana wote nilikuwa nawajua kwa majina.

Byamungu ni kipofu sasa. Jioni huketi mlangoni na usukani mikononi, anaendesha. Anaianza safari Butembo na kushuka pole pole, kila kona anaitaja, kila daraja, kila mahali pa utelezi. Majirani hukaa chini kumsikiliza. Siku niliyofika hakuniuliza mimi ni nani. Alisikia hatua zangu akasema, "Théophile, panda. Tumekuwa tunakungojea. Mama Émilienne iko mbele, weye kaa pembeni yake." Nikakaa. Tukasafiri mpaka giza likaingia, na tulipopanda ule mlima wa mwisho kabla ya Mushaki, nakuambia kweli, nilisikia baridi ya kule usoni.

Kesho yake aliniwekea usukani mikononi, akabaki na vidole hewani kama mtu aliyesahau jambo.

Nakutumia usukani huo kwa Mama Dorothée. Muuzie mzee wako, ahadi itimie. Nitangoja hapa mpaka nisikie kwamba umeupokea, kisha nitapanda kurudi Mushaki kwa miguu. Usipige kelele. Paa haipo, sawa, lakini Mama yako yupo. Nyasi zinaota. Nilimwambia nitarudi, na sitaki alale pale peke yake huku wenye bunduki wakipita juu yake.

Nisamehe, mwanangu. Nakupenda.

Papa yako,
Théophile


Goma, 19 Machi 2023

Papa yangu,

Salamu kutoka kwa wote, na Mama Mukandayisenga anakusalimu akilia na kucheka. Tuko wazima, kwa hiyo soma vizuri.

Mama Dorothée alifika hapa na usukani umefungwa ndani ya gunia. Nimekataa kuupokea. Nilimwambia, "Mama, weye uko nani? Papa alinipatia ahadi na mulomo yake, mukono yake njo italeta." Mama Mukandayisenga alipiga makofi. Mama Dorothée alinitazama kama mwendawazimu, lakini amekubali kuurudisha kwa ndege ileile, na barua hii juu yake. Umesema hutaondoka Walikale mpaka usukani uwe umepokewa. Haujapokewa. Basi huwezi kuondoka.

Yule mzee wa Ubelgiji nimemrudishia pesa yake, nikamweleza yote. Alijibu kwa mstari mmoja: mwambie baba yako nitatengeneza mwingine. Tangazo nimelifuta.

Sasa la Mama. Huyo Mama unayetaka kumrudia ndiye aliyechukua mkono wako akauweka ndani ya wangu. Alisema kamata mbele yako, na ulisikia. Papa, si umenifundisha mwenyewe? Wewe uliwekwa kwangu. Siku Mama atakapokuhitaji, mimi ndimi nitakayekurudisha kwake, na mkono huuhuu. Huwezi kujirudisha mwenyewe kwa njia ya nyuma, kama mjumbe asiyejulikana. Atakufukuza.

Barabara ikifunguka, tutapanda wote kufyeka zile nyasi. Nakuahidi.

Binti yako,
Kétsia


Kilambo, 2 Aprili 2023

Mwanangu,

Natumaini barua hii na mimi hatutapishana. Afya ni nzuri.

Usukani ulinirudia ndani ya gunia lake. Nilimsomea Byamungu barua yako kwa sauti. Alicheka mpaka akalia, kisha akaniuliza, "Huyu mutoto alifundishwa na nani?" Nikamwambia na mimi nilikuwa ninajiuliza hivyohivyo.

Leo niko kando ya barabara ambapo ndege zinatua. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na ndege haikuonekana, ilisikika tu juu yetu ikizunguka, ikitafuta mahali pa kushukia. Nilikaa juu ya gunia na usukani magotini, nikajikuta nauzungusha kidogo, kuisaidia. Sasa imetua. Wanatupima uzito pamoja na mizigo yetu. Mwenye mizani ametaka niweke usukani pembeni upimwe peke yake. Nimekataa, tumepimwa pamoja.

Mama yako nimemwambia kutoka hapa kwamba nakuja kwako kwanza. Amesema ngoja kidogo.

Wanaita. Fungua mkono.

Papa yako