Miezi Saba ya Kunuka

Dada yangu mpendwa,

Habari za huko? Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu haivimbi tena ukitoka zamu ya usiku. Shemeji hajambo? Na wanangu wale wawili watundu, bado wanaparamia kabati? Sisi huku hatujambo kiasi. Mtoto ametimiza miezi saba, ana meno mawili ya chini, na kila anayemkaribia anang'atwa bila kuulizwa jina. Mimi nimekonda, lakini nakula.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, mimi na wewe kwenye simu hatuongei. Wewe unaongea, mimi naitikia. Nikifika neno la tatu ushanikatiza, ushanipa dawa, ushaaga. Leo utanisoma mpaka mwisho, na usiruke mistari, nakujua.

Ni ule uchafu uliokuwa ukinitoka tangu nijifungue. Jibu limepatikana, nitakupa. Ila kwanza nataka ujue nilivyoishi nao, maana hata wewe sikukuambia yote, niliona haya. Na ujue pia kwamba baba mtoto bado yuko kwa mama yake, huu mwezi wa pili, na hicho ndicho hasa kilichonikalisha niandike. Nataka mume wangu arudi nyumbani.

Kazi yangu unaijua. Pale kwa dobi shuka za hoteli zinaingia kwa magunia, na mimi ndiye ninayezichambua kabla hazijatiwa kwenye mashine. Miaka sita nimeshika matapishi ya walevi, damu, na vitu ambavyo sitaviandika kwenye karatasi. Nilikuwa najitapa kwamba mimi kinyaa sina, nikiwacheka wenzangu wanaovaa glavu mbili mbili. Lo! Kinyaa nilikuwa nacho, kilikuwa kinanisubiri mimi mwenyewe.

Mwanzoni, baada ya damu ya uzazi kukatika, yalikuwa majimaji ya kijivu tu. Yakawa ya njano. Kufika mwezi wa tatu yalikuwa ya kahawia, mazito, kama maji ya kulowekea maharage yaliyosahauliwa siku nne. Na harufu! Mume wangu fundi wa friji, ameshafungua friji za watu waliosafiri wakaacha nyama ndani umeme umezimwa. Siku ile ya kwanza ilipompata kitandani aliinua kichwa, akanitazama, akalala tena bila kusema kitu. Nilitamani angesema. Nilikwenda bafuni nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka nikachubuka, na nilipomaliza bado nilikuwa nanuka, sasa nanuka na sabuni.

Pedi nilibadilisha sita kwa siku, saba siku za joto. Nilizifunga kwenye mifuko miwili na bado nzi walijua. Mtoto nilimnyonyesha nikiwa nimegeuza uso pembeni, kana kwamba ni yeye anayenuka. Nilijichukia, dada. Nasema wazi, nilijichukia kama mtu anavyochukia panya jikoni.

Kazini ikawa balaa jingine. Mama Pasi, yule anayepiga pasi meza ya jirani na yangu, alianza kulalamika kwamba bomba la maji machafu limekufa. Alilalamika wiki nzima mpaka bosi akaita fundi bomba. Wakainua mfuniko wa sakafuni, fundi akalala kifudifudi, na mimi nikapewa tochi nimmulikie. Aliingiza mkono mpaka begani, akautoa, akasema bomba ni safi kuliko vyombo vya kwake nyumbani. Kila mtu akawa ananusa hewa. Na mimi, mshenzi mkubwa, nikiwa nimeshika tochi, nikasema kwa sauti kwamba kweli jamani kuna kitu kimeoza hapa. Kesho yake Mama Pasi alihamisha meza yake karibu na dirisha, na hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza.

Nilitafuta dawa, usidhani nilikaa tu. Kwanza duka la dawa. Muuzaji aliniuliza shida yangu watu wanne wakiwa nyuma yangu, nikanong'ona, akarudia kwa sauti ya kuuza samaki kwamba kumbe ni fangasi ukeni, akanipa vidonge vya kutumbukiza. Havikusaidia. Nikaenda zahanati, wakapima mkojo, wakaandika dawa za siku saba, wakasema na mume anywe. Wiki mbili hali ikapungua, nikafurahi nikapika nikiimba, kisha ikarudi na hasira. Zahanati ya pili daktari hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema ninajiosha kupita kiasi. Ya tatu akasema sijioshi ipasavyo. Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani mpaka mlinzi akanisindikiza getini.

Sasa hapa nisimame nikiri langu, maana si haki niwatukane wao tu. Wawili kati ya hao waliniambia nipande kitandani wanitazame ndani. Nilikataa. Nilikataa kwa sababu wewe ulikuwa umeshaniambia nisikubali kupanuliwa-panuliwa na watu nisiowajua, kwamba mtoto wa mama yetu hawezi kuwa maonyesho, kwamba wewe ndiye uliyeniona na ulinishona vizuri na huko ndani hakuna tatizo. Nilikuamini. Wewe ni mkunga wa miaka kumi na minne, mimi ni mchambuzi wa shuka chafu, ningemwamini nani?

Na ulipokosa jibu lingine, ukasema ni mwanamume. Ukasema kwa uzoefu wako uchafu wa namna ile usiokoma huletwa na mume anayetoka nje. Nilikuamini na hilo. Alikuwa ameshapimwa, majibu safi, akanywa dawa mara tatu kwa ugonjwa asiokuwa nao, lakini ukasema vipimo hununuliwa. Ukaja mwenyewe, ukaita kikao sebuleni kwetu, mbele ya mama yake na baba yetu mdogo, ukamwuliza amtaje mwanamke huyo. Unakumbuka alivyokaa? Mikono kwenye magoti, kucha nyeusi kwa mafuta ya mashine. Alisema hana mwanamke. Mara mbili alisema. Mama yake akajifunika uso. Na mimi, dada, nilimwambia mbele ya watu wote kwamba namwonea kinyaa. Usiku huo huo akabeba begi la vifaa vyake na shati moja. Kila Jumamosi anakuja mlangoni kumwona mtoto, analeta maziwa, haingii.

Wiki iliyopita nilipata homa nikaanguka kazini juu ya gunia. Mama Pasi ndiye aliyenibeba. Kumbe yule mama anajua siku zote. Aliniambia njiani kwamba marehemu dada yake alianza vivyo hivyo akaficha mpaka saratani ikamla, na kwamba leo nitatazamwa hata kama itabidi anishike miguu yeye. Akanipeleka hospitali ya mbali, kwa daktari mmoja mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Daktari alisoma vyeti vyangu vyote vya dawa, kumi na kimoja, akavipanga mezani, akauliza ni nani kati ya hawa aliyenitazama. Nikasema hakuna. Akasema basi walikuwa wanatibu karatasi, na yeye haandiki neno mpaka atazame. Nikapanda kitandani nikilia.

Aliingiza kile chombo cha chuma cha kufungulia njia, akavuta taa. Kisha akaomba koleo refu, akaniambia nivute pumzi, na nikahisi kitu kinatoka ambacho si sehemu ya mwili wangu. Mama Pasi alishika ukuta. Daktari mwenyewe alikwenda kufungua dirisha, na ni mtu mzima wa kazi ile. Alikiweka kwenye beseni, akauliza kama nataka kukiona. Nikakiona. Kilikuwa cheusi na kijani, kimejikunja kama soksi ya mtu aliyezama, kinateleza. Nilitapika hapo hapo. Alipokinyoosha kwa maji, katikati kukawa bado kuna nyuzi nyeupe.

Ni shashi, dada. Kile kitambaa chepesi cha hospitali, kimekunjwa mara nne kikawa kinene. Daktari alinieleza kwamba mkunga akishona mwanamke aliyechanika hukisukuma juu ili kizuie damu, aone anaposhona. Akimaliza hukitoa. Changu kilikuwa kimejificha kona ya nyuma kabisa. Nimezaa mara moja tu maishani mwangu, na nimeshonwa mara moja tu, na aliyenishona ni wewe.

Usiiweke barua chini. Bado.

Daktari aliniuliza kama vitambaa vilihesabiwa. Alisema desturi ni watu wawili, mmoja anahesabu kwa sauti na mwingine anaandika kwenye ubao wa ukutani, kabla na baada. Nikakumbuka yote. Nilikuwa nimelala pale, mtoto kifuani, na muuguzi mwenzako, yule mnene mwenye sauti nzito, aliingia na chaki mkononi. Wewe ukamfukuza. Ukamwambia huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, hakuna mwingine atakayemwona alivyo, nitahesabu mwenyewe. Nilikupenda sana dakika ile. Nilikwenda kazini nikawasimulia watu jinsi dada yangu alivyonisitiri. Kisha ukaitwa chumba cha pili kwa mama aliyekuwa anavuja damu, ukafunga uzi haraka ukakimbia. Sikulaumu kwa kukimbia. Yule mama alipona, nasikia.

Sikulaumu sana hata kwa shashi yenyewe. Mkono wa mtu hukosea. Kinachonitia kichefuchefu ni ile miezi uliyokuwa unaniambia nisitazamwe. Nimekaa siku nne nikijiuliza kama ulijua. Nadhani hukujua. Nadhani ulihisi, ukaogopa kuhisi, ukatafuta mtu wa kumtupia, na mtu wa karibu alikuwa mume wangu. Kama nimekosea niambie, lakini uniambie uso kwa uso.

Nikwambie na jingine kabla hujalisikia kwa wengine. Daktari aliniuliza nilizalia wapi na tarehe gani, ili waandike taarifa, mwanamke mwingine asije akatembea na kitambaa tumboni. Nilijua kwamba nikitaja tarehe watakupata kwenye daftari la zamu. Nilimtazama Mama Pasi, naye akanitazama. Kisha nikaitaja. Sikuona raha, wala sijutii. Barua yao itafika kazini kwako wiki ijayo au inayofuata, nami nilitaka yangu itangulie.

Uchafu umekoma. Siku ya tatu niliamka kukavu, nikajinusa kama mbwa, hakuna kitu. Nikakaa kitandani nikacheka na mtoto akacheka bila kujua anachocheka.

Jumamosi baba mtoto alipokuja na maziwa nilimfungulia mlango wote, nikamweleza kila kitu pale pale kizingitini, shashi, koleo, dirisha, na jina lako. Nikamwomba msamaha kwa magoti. Akaniuliza swali moja tu, kama miezi yote ile nilipokuwa nalala nimempa mgongo, ilikuwa ni kweli namwonea kinyaa yeye. Ningeweza kudanganya. Nikasema ndiyo, ilikuwa kweli, niliamini yeye ndiye aliyenitia uozo. Akatikisa kichwa polepole, akambeba mtoto, akambusu, akamrudisha.

Hakusema harudi. Alisema mimi amenisikia. Ila aliitwa mzinzi mbele ya mama yake, na mama yake tangu siku ile humwekea chakula bila kumtazama. Mimi nilikwenda kumweleza yule mama Jumapili, akanijibu kwa upole kwamba mke anayetaka mume wake arudi husema lolote. Hawezi kuniamini mimi, dada. Aliyemshtaki mwanawe alikuwa mkunga, na mkunga ndiye atakayemfutia.

Basi nimeita kikao. Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, sebuleni kwangu, mama yake na baba mdogo watakuwepo, na baba mtoto mwenyewe amekubali kuja akae. Utasimama uwaambie ulifanya nini na hukufanya nini. Sitakusaidia maneno, wala sitakukatiza.

Msalimie shemeji, na wanangu wabusu wote wawili. Mama Pasi anakusalimu pia, ingawa salamu yake ilikuwa na maneno mengine ambayo nimeyaacha. Usiniletee dawa, wala nguo za mtoto, wala usinipigie kwanza kuniuliza nani atakuwepo. Nimeshakwambia. Njoo useme.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.