Ngitili Niliyoiita Ardhi Tupu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya tarehe thelathini, maana baada ya siku hiyo huruma yako haitanifaa. Mimi ni mwanasheria, nina miaka ishirini na sita, na kazi yangu katika ofisi ya mipango hapa Shinyanga ni kuthibitisha kama ardhi inayotakiwa kwa ujenzi ina mwenyewe. Mwezi wa pili tulipelekwa Ibadakuli, ambako zitajengwa nyumba sitini za wafanyakazi pamoja na kinu cha upepo cha kuvuta maji, kwa kuwa dizeli ya pampu haipatikani, na kinu hicho nimekipigania mimi tangu mwanzo, nikakiandikia hoja, nikakiota, basi nilipoona uwanda wa majani marefu yasiyo na ng'ombe wala jembe niliandika kwamba nimekagua na ardhi ni tupu, ingawa siku ile palikuwa na matope na nilitazama kutoka garini, nikatia sahihi, na juzijuzi tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi kwamba mwenye pingamizi alete kabla ya tarehe thelathini.

Wiki iliyopita alikuja Mama Limi, mke wa mzee Ngassa wa huko Ibadakuli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza ni nani aliyeandika kwamba ngitili yao haina mtu. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua, asiingie hata ndama, ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Nimezaliwa hapahapa mjini, neno hilo nalijua tangu utotoni, na sikulikumbuka. Nikamwambia sikuona ng'ombe hata mmoja. Akacheka kidogo.

"Mwanangu, nguo zako za Idi ukizifungia sandukuni, nikitangaza kwamba huna nguo utanijibu nini?"

Nilimwendea mkuu wangu, akasema hakuna aliyeleta pingamizi kwa maandishi, na muda ukiisha umeisha. "Wewe ni mwanasheria wa ofisi au wa ng'ombe?" akauliza, na tangu hapo wenzangu wananiita Wakili Ndama. Nikifuta sahihi yangu huenda nikafukuzwa na kinu kikafa, nikinyamaza ng'ombe wa mzee Ngassa hawatakuwa na pa kula mwezi wa tisa. Nimekwisha kuamua kusema, ila kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Nianzeje?

T., Shinyanga mjini

Binti T.,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya tarehe. Pole kwa jina la Ndama. Litachakaa, na ndama naye hukua.

Sasa nikukaripie. Umeniandikia mengi juu ya ngitili na kinu, lakini kosa lako umelificha katikati ya sentensi ndefu, ukidhani nitalipita. Kusahau ngitili ni bahati mbaya. Kuandika "nimekagua" nawe hukushuka garini ni uongo, na uongo huo ndio unaoulemea mkono wako. Matope yangekuchafua viatu tu.

Kesho nenda Ibadakuli kwa miguu. Mwombe Mama Limi akutembeze mpaka wa ngitili yote, ukikanyaga majani mwenyewe, na umwombe radhi huko huko, mbele ya mumewe. Waambie muda wa pingamizi unaisha lini na karatasi ipelekwe wapi. Usiwaandikie wewe, kwa kuwa unalipwa na upande wa pili. Balozi wao wa nyumba kumi anajua kuandika. Wala usiwaahidi kwamba watashinda.

Kinu usikililie. Kinahitaji pembe moja tu ya uwanja, na ng'ombe nao hunywa maji. Mwulize mzee Ngassa, jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Nyumba sitini ndizo za kutafutiwa mahali pengine, na kutafuta ni kazi yenu.

Kisha rudi ofisini uandike barua ya kusahihisha taarifa yako. Ipitishe masjala igongwe muhuri kabla mkuu wako hajaisoma, ili isipotelee mezani kwake. Huenda ukahamishwa. Ukihamishwa, utakwenda na jina lako zima.

Umeuliza uanzeje. Anza na maneno mawili: "Sikushuka garini." Yanayofuata ni sheria, na sheria umesomea.