Kofia ya Papa Ngoy

Shoga, nimejifungia chooni kwa Elineema, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unakumbuka paa lilipovuja akakataa fundi? "Nimeezeka nyumba nzima Moshi, vigae vya Wabelgiji hapa Etterbeek vitanishinda?" Akapanda mwenyewe, akaziba kwa lami.

Theluji ikaanguka siku tatu. Hakuna hata tone. SIKU TATU! Jamaa kichwa kikamvimba, leo kaita watu na mchungaji pilau ya shukrani. Kamwalika mpaka Papa Ngoy, yule fundi Mkongo aliyemkataa, eti aje ajionee.

Mzee kakaa mezani na kofia kichwani! Wanjiru, mke wa Elineema, akamwomba aivue.

"Bon, maman, tungoje kwanza jua itoke."

Jua! Tukadhani mzee anasikia baridi.

Saa saba jua likatoka kweli. Mchungaji anaomba, yuko kwenye "asante kwa paa hili", tone likatua kwenye upara wake. La pili. La tatu. Theluji yote inayeyukia ndani, shoga, YOTE!

Elineema kasimama, kamfunika mchungaji na mfuniko wa sufuria.

Papa Ngoy akamaliza nyama yake taratibu, akavua kofia, akamvika Elineema.

"Alors, mutoto yangu, ngazi iko wapi?"