Mashairi ya Kumlaza Juniper

Barnsley, 3 Septemba

Mpendwa binti yangu Lorna,

Natumai wote mu wazima huko Portland. Mimi sijambo, goti tu ndilo linanisumbua tangu nifunge bucha.

Kile kitabu ulichonitumia, unachomsomea Juniper kabla ya kulala, nimekisoma mara mbili. Sungura anakasirika. Sungura anavuta pumzi. Sungura anaitaja hisia yake. Kurasa ishirini na nne, Lorna, na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Mtoto wa miaka mitatu atapataje usingizi hapo? Basi nimemtungia mjukuu wangu kitu cha maana:

Sungura kaja shambani, karoti kuzichukua,
Mzee kwa panga lake, kichwa akakipasua,
Mamaye akamngoja, mpaka likachwa jua,
Ikaletwa supu moto, mfupa akatambua.

Halafu, kwenye picha uliyotuma una alama shavuni. Nimekata nyama miaka arobaini, meno nayajua. Nani amekuuma?

Nikija Krismasi nitamsomea mwenyewe.

Baba yako


Portland, 21 Septemba

Shikamoo Baba,

Sisi tu wazima, na pole kwa goti. Shairi lako Anders amelificha juu ya friji kabla Juniper hajaliona. Unamjua mume wangu, hakasiriki, ila alikwenda kusimama uani kidogo.

Alama ni ya Juniper. Hakuwa ananishambulia. Alikuwa ananieleza kwamba nimemvalisha soksi ya kushoto kwanza. Nyumbani kwetu hatusemi "hapana" wala "acha". Tunapiga magoti tulingane naye, tunamshukuru kwa kutueleza hisia zake. Nakutumia masharti ya wageni, yako thelathini na moja. Ukitaka kuja Krismasi, tia sahihi yote.

Na usicheke. Unajua kwa nini nalea hivi. Sitaki mwanangu afumbe macho kila mtu mzima akinyoosha mkono kuchukua chumvi, kama nilivyokuwa nafumba mimi.

Binti yako, Lorna


Barnsley, 2 Oktoba

Mpendwa Lorna,

Hamjambo? Mimi goti ni lile lile. Masharti yamefika. La tisa linasema nisimsifu mtoto, nisifu juhudi zake. Juhudi zipi, za kumng'ata mama yake? Mpe Anders hili, naye alifiche juu ya friji:

Baba kaumwa puani, asema "asante mwana,"
Mama kapigwa na chungu, avuta pumzi sana,
Damu yamwagika chini, nao wanapongezana,
Mtoto kashika shoka, neno la "acha" hawana.

Kuhusu mkono wangu, nilikupiga mara moja tu, mwaka ule mama yako alipofariki, na nilikuwa nimechanganyikiwa. Usinifanye jini.

Baba yako


Portland, 16 Novemba

Baba,

Habari za huko. Nimekaa kimya wiki sita kwa sababu ya ile "mara moja tu" yako.

Juniper amefukuzwa chekechea. Alimpasua mwenzake kichwa kwa koleo la mchanga, mwalimu akapiga magoti kumshukuru kwa hisia zake, naye mwalimu akang'atwa sikio. Anders hana jino la mbele. Treni ya mbao ilimkuta akiwa amepiga magoti vile vile. Mimi nimeshonwa nyuzi nne kwenye nyusi. Alhamisi, kwenye kikao chetu cha wazazi wanaolea hivi, nilitazama nikaona kila mtu ana plasta mahali. Nikawasomea shairi lako la shoka. Walicheka mpaka wakalia. Mama mmoja aliyefungwa mkono akaniomba nakala.

Jana asubuhi tukinywa chai Juniper alinirushia glasi usoni. Nikanyanyua mkono, Baba. Mkono ulisimama karibu kabisa na sikio lake, na mtoto akafumba macho. Sikumpiga. Lakini nilitaka, kwa moyo wangu wote, na tangu jana naogopa kubaki naye peke yangu.

Niambie kweli. Ulikuwa unajisikiaje? Ukinijibu kwa shairi, sitakuandikia tena maisha yangu yote.

Lorna


Barnsley, 25 Novemba

Lorna mwanangu,

Sijui nikujulie hali vipi, maana umeshanieleza.

Nilikuwa najisikia vizuri. Ndiyo kweli yenyewe. Kichwa kilikuwa kimejaa kelele, nikikupiga zinanyamaza. Halafu nakuona unavyonitazama, nakimbilia bucha kukata mifupa ambayo hakuna aliyeiagiza. Haikuwa mara moja. Nimekaa mezani nikahesabu ninazozikumbuka, zimefika kumi na moja. Ya mwisho ni ile ya ngazini, ulipovunjika mkono. Hukuanguka. Nilimdanganya daktari, nikamdanganya shangazi yako, na wewe nikakufundisha kusema ulianguka.

Mkono wako ulisimama. Wangu haukusimama hata siku moja. Naona aibu, na nakuomba radhi.

Sina haki ya kukufundisha kulea. Lakini mshike mikono yote miwili umwambie hapana. Hapana haivunji mfupa. Kinachovunja mfupa nakijua.

Sitakuja mpaka uniite.

Baba yako


Portland, 8 Desemba

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikakuchukia, nikaisoma tena. Miaka yote hii nilikuwa nikiwaambia watu nilianguka ngazini. Hata Anders nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimeshaamini.

Jumanne Juniper alimrukia baba yake akiwa na uma mkononi. Nikamshika mikono, nikamwambia hapana. Akanitazama kama mtu aliyemsikia paka akiongea. Akanipiga teke la tumbo. Nikamwambia tena hapana. Alilia saa nzima nimemshikilia, nami nikalia naye, halafu akaomba mkate na siagi.

Njoo tarehe ishirini. Utalala chumba cha nyuma, Anders atakupokea uwanja wa ndege. Ukimnyanyulia mwanangu mkono, hata kwa utani, nitauvunja huo mkono, na daktari nitamwambia kweli.

Binti yako, Lorna