Mtoto Hapigi Hodi Kwao

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Msamala tu wazima, babu yako anakohoa na kubishana. Unaniuliza kama Mungu bado anakuita mwanawe, maana hujasali siku nyingi na unaona aibu kuingia kanisani. Swali gani hilo, wewe?

Mama yangu alipofariki, shangazi wa Peramiho alinichukua. Kila nikitoka kuchota maji nilisimama mlangoni, ndoo kichwani, napiga hodi. Siku moja akafoka, "Anayepiga hodi ni mgeni. Wewe ni mwanangu. Ingia, ugali unapoa."

Hakunizaa, wala sikuwa na la kumpa. Alinipenda tu, nikawa wake.

Nawe unapiga hodi kwa Baba yako? Ingia, mjinga wangu.

Bibi yako