Maua ya Ukutani

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Mwenyekiti wa mtaa akirudi msimfungulie.~~ Akirudi mfungulieni, ila hiyo chai asionje.

Asubuhi kaja kung'oa maua yanayotambaa ukutani, eti ni mimea vamizi, inaua miti ya asili. Nikamwambia, haya kapanda marehemu mke wangu, thubutu! Akatoa barua, mwandiko wa mama yenu. Kumbe kabla hajaugua aliomba yang'olewe, ipandwe miti ya asili. Wakubwa wa ofisini kwake wakaikalia barua, na mimi miaka miwili namwagilia nikidhani namfurahisha. Roho imeniuma. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja hakuniambia, kamwambia yule!

Waacheni yeye na watu wake wang'oe. Lakini miche asilete yeye. Nimekwenda kitaluni, miti ya mke wangu nitaichagua mwenyewe.

Baba yenu